Bwana na Mtumwa katika Vitabu vya Wajerumani

Mzee mmoja ninayemheshimu alinijia siku moja baada ya sala ya alasiri, mkononi ana kitabu alichokizungushia gazeti, kama mtu aliyebeba kitu cha kumtia aibu. Alikuwa amekikuta chumbani mwa mwanawe anayesoma chuo kikuu. Akaniambia, "Mwalimu, huyu si ndiye aliyeifananisha dini na afyuni? Basi ndiyo mwanangu amekwisha kupotea?" Nikakifungua, nikaona ni maandiko ya Karl Marx. Siku ya pili yake kijana naye akaja. Baada ya kuniamkia akaanza kulalamika: baba yake hajui kitu, wazee wetu wamelala, na kila kilichomo katika kitabu kile ni ilimu iliyothibiti ambayo hapana wa kuipinga.

Niliwaona wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Baba amekihukumu kitabu asichokisoma. Mwana amekifuata kitabu asichokipima. Makala haya nayaandika kwa ajili yao, na kwa ajili yako wewe ambaye huenda una kijana kama yule nyumbani mwako, au ndiwe kijana mwenyewe.

Hoja yangu nitaitaja mapema ili usipate taabu ya kuitafuta. Wanafalsafa wa Kijerumani waliwapa wanyonge wa dunia mizani ya kupimia dhulma, nayo ni mizani nzuri. Lakini wenyewe walioitengeneza hawakukubali kupimwa nayo, na wengi waliowafuata hawakukubali pia. Mwenye akili haitupi mizani kwa sababu mwenye duka ni mwizi. Huichukua, akampima nayo mwenye duka, kisha akajipima na yeye.

Sasa tutazame mizani hiyo ni ipi.

Georg Wilhelm Friedrich Hegel alizaliwa mji wa Stuttgart mwaka 1770. Mwezi wa Oktoba 1806, majeshi ya Napoleon yalipoingia mji wa Jena, yeye alikuwa mwalimu wa chuo kikuu mjini hapo, anamalizia kitabu chake kikubwa juu ya safari ya akili na roho ya mwanadamu. Kitabu kikatoka 1807. Ni kitabu kigumu, hata Wajerumani wenyewe hukilalamikia. Lakini ndani yake mna kurasa chache juu ya bwana na mtumwa, na kurasa hizo zimetembea dunia nzima kuliko kitabu kilichozibeba.

Hadithi yenyewe, kwa maneno yetu, ni hii. Watu wawili wakutana. Kila mmoja ataka mwenziwe amtambue kuwa ni mtu kamili. Wakapigana. Mmoja hakuogopa kufa. Mwengine aliogopa, akasalimu amri. Basi wa kwanza akawa bwana, wa pili akawa mtumwa. Msomaji adhani hapo hadithi imekwisha, lakini Hegel asema ndiyo kwanza yaanza. Bwana alitaka heshima. Ameipata kwa nani? Kwa mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa ni mtu! Heshima ya namna hiyo yamfaa nini? Kisha bwana ala asichokipika, avaa asichokishona, alala katika nyumba asiyoijenga, na kila siku azidi kumtegemea yule anayemdharau. Na mtumwa je? Yeye ashika jembe, ashika randa, ashika moto. Auona ubao umekuwa kiti, na pori limekuwa shamba, na kwa kuiona kazi ya mikono yake ajitambua kuwa yeye ni mwenye akili na uwezo. Mwisho wake aliye huru kwa jina ndiye mfungwa, na aliye mfungwa kwa jina ndiye aliye njiani kuufikia uhuru.

Kabla yake, Immanuel Kant wa Königsberg alikwisha kuandika, mwaka 1785, kwamba mwanadamu asitumiwe kama chombo tu cha haja za mwengine, kwani chombo kina bei na mwanadamu ana utukufu usio na bei. Hayo ni maneno mazito. Lakini Kant alisema lililo wajibu. Hegel aliongeza kueleza jinsi mambo yanavyogeuka. Kwake yeye kila hali hubeba ndani yake kinyume chake, na mgongano wa hali hizo mbili ndio unaoisukuma dunia mbele. Kwa hiyo dhulma si jabali lililowekwa milele. Ina ufa ndani yake, na ufa wenyewe ni yule yule anayedhulumiwa. Fikiri jinsi maneno hayo yanavyoingia katika sikio la mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba kuonewa ndiyo hali yake na ya watoto wake!

Hiyo ndiyo mizani. Na tuanze kumpima nayo Hegel mwenyewe.

Miaka ile ile Hegel alipokuwa kijana, watumwa wa Kiafrika katika koloni la Wafaransa huko Karibi, ambalo leo ni nchi ya Haiti, waliinuka dhidi ya mabwana zao. Ilikuwa 1791. Wakapigana na Wafaransa, na Waingereza, na Wahispania. Kiongozi wao Toussaint Louverture akakamatwa kwa hila, akafia gerezani katika milima ya Ufaransa mwaka 1803, lakini tarehe 1 Januari 1804 wenziwe wakautangaza uhuru wao. Habari hizo zilienea katika magazeti ya Ulaya. Mwandishi wa Kimarekani Susan Buck-Morss, katika makala yake ya mwaka 2000, alitoa hoja kuwa Hegel alizisoma habari hizo katika jarida la Kijerumani la Minerva, na kwamba mtumwa wa kitabuni ana asili yake katika watumwa wa kweli waliovunja minyororo. Wataalamu wangali wanaijadili hoja hiyo. Lakini tazama jambo lisilo na mjadala: katika kurasa zile Hegel hakuitaja Haiti hata kwa neno moja.

La ajabu zaidi ni lililokuja baadaye. Katika mihadhara yake ya Berlin juu ya historia ya dunia, iliyochapishwa 1837 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba Afrika iliyo kusini ya jangwa haina sehemu katika historia, na kwamba watu wake wangali katika hali ya utoto. Ndugu msomaji, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, miaka mia tano kabla ya Hegel kufa. Akaukuta mji wenye sultani, wenye msikiti na wenye wacha Mungu, akausifu katika kitabu chake. Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake yenyewe. Hegel hakuyajua hayo, na kutojua si dhambi. Dhambi ni mtu asiyejua kukaa juu ya kiti cha hakimu akatoa hukumu. Na Kant naye, yule aliyeandika juu ya utukufu usio na bei, aliandika pia juu ya mtu mweusi maneno ya dharau ambayo sitayachapisha katika ukurasa unaosomwa mbele ya watoto.

Basi hapo twapata kosa la kwanza. Mabwana hawa walisema "mwanadamu", na katika nyoyo zao walikuwa wakimwona jirani yao. Liko na kosa la pili. Mtumwa wa Hegel, baada ya kujitambua, aishia kupata uhuru wa moyoni, akitafakari kama wale wahenga wa Kiyunani na wa Kirumi waliosema kuwa mwenye hekima yu huru hata akiwa amefungwa. Moyo umefunguka, mnyororo uko pale pale mguuni.

Kosa hilo la pili ndilo lililomchochea Marx.

Karl Marx alizaliwa Trier mwaka 1818, akasoma falsafa ya Hegel huko Berlin. Mwaka 1842, akiwa kijana wa miaka 24, alikuwa mhariri wa gazeti mjini Köln, ukingoni mwa mto Rhine. Jambo moja lililomtoa katika vitabu likamtia katika maisha ya watu lilikuwa ni kuni. Maskini wa vijijini walikuwa na ada ya zamani ya kuokota matawi makavu yaliyoanguka msituni. Wenye misitu wakataka sheria ya kumhesabu mwokota kuni kuwa ni mwizi, na baraza la jimbo likaijadili. Marx akaandika kuwatetea waokota kuni. Baadaye mwenyewe alisema kuwa mambo kama hayo ndiyo yaliyomlazimisha kuanza kuuchunguza uchumi. Kina mama wanaosoma makala haya hawahitaji failasufi wa kuwaeleza maana ya kuni.

Miaka miwili baadaye, 1844, wafumaji wa nguo wa Silesia waliinuka kwa njaa, askari wakawapiga risasi. Mwaka huo huo Marx, akiwa Paris, aliandika kwamba Hegel alipatia kusema kazi ndiyo inayomfanya mtu awe mtu, lakini hakuijua ila kazi ya akili. Katika kiwanda, asema Marx, mfanyakazi hajitambui katika alichokitengeneza. Kitu kile chatoka mikononi mwake kikaenda kumtajirisha mwengine, na kadiri anavyotengeneza zaidi ndivyo kinavyomtawala zaidi. Kwa hiyo haitoshi mtumwa kujitambua moyoni. Yapasa mambo yenyewe yabadilishwe. Rafiki yake Friedrich Engels, mtoto wa tajiri wa viwanda vya nguo, alikwisha kuyaona hayo kwa macho yake huko Manchester, na mwaka 1845 akatoa kitabu juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza. Pamoja wakaandika ilani yao ya mwaka 1848, na Marx akatoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya rasilmali mwaka 1867.

Je, maandishi hayo yalileta faida? Insafu yatutaka tuseme ndiyo. Mwaka 1863 Ferdinand Lassalle, naye mwanafunzi wa vitabu vya Hegel, aliunda chama cha wafanyakazi huko Leipzig, na mwaka 1875 vyama viwili vikaungana. Serikali ya Bismarck ikaogopa, ikatoa sheria ya kuwapiga marufuku iliyodumu tangu 1878 hata 1890. Lakini Bismarck alijua kuwa marufuku peke yake haitoshi, basi ili kuwavuta wafanyakazi akaweka bima ya maradhi mwaka 1883, bima ya ajali mwaka 1884, na malipo ya uzeeni mwaka 1889. Leo mfanyakazi anayekatwa shilingi zake kwa ajili ya uzee wake anafuata desturi iliyoanza kwa hofu ya watawala wale. Na hawakuishia kwa wanaume. August Bebel, fundi wa kukereza mbao aliyekuwa kiongozi wa chama, alitoa mwaka 1879 kitabu juu ya mwanamke na ujamaa. Na Clara Zetkin ndiye aliyeshauri katika mkutano wa Copenhagen, 1910, iwepo siku ya wanawake ya mataifa yote. Yako katika vitabu vyao ambayo sisi hatuyakubali juu ya ndoa na familia. Lakini mwanamke wa kiwandani aliyefanya kazi usiku kucha kwa ujira wa nusu alikuwa na haki ya kuulizwa habari zake, na wao waliuliza.

Sasa twende kwenye neno la afyuni, maana najua mzee wangu alingojea hapo.

Ludwig Feuerbach, mwanafunzi wa Hegel, alitoa mwaka 1841 kitabu juu ya Ukristo. Humo alidai kuwa mwanadamu huchukua sifa zake njema, akazitupa mbinguni, kisha akazisujudia. Marx aliipokea rai hiyo akaiendeleza, na mwaka 1844 likachapishwa neno lake mashuhuri. Wengi walitajao hawajui kuwa mahali pale pale alisema pia kwamba ndani ya dini mna kilio cha wanaoonewa. Hakuwa akiwacheka wenye kusali. Alikuwa akisema kuwa wanatulizwa maumivu badala ya kuondolewa ugonjwa.

Jawabu letu ni lipi? Tusijibu kwa hasira, tujibu kwa ushahidi. Watu hawa walisoma Prusia, mahali ambapo kanisa lilikuwa mkono wa serikali na mchungaji alilipwa na mfalme. Wakaiona dini ya ofisi moja, wakaihukumu dini yote. Lau mizani yao ingelikuwa sawa, wangeuliza: je, imepata kutokea dini ikamwamsha mtumwa badala ya kumlaza? Sisi twamjua Bilal bin Rabah, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto wa Makka na jiwe kifuani, akabakia akimtaja Mola Mmoja. Bwana wake alikuwa na kila kitu isipokuwa uwezo wa kumnyamazisha. Je, hiyo ni afyuni? Na kama watasema hayo ni ya kale, basi watazame Bahia, Brazil, mwezi wa Januari 1835, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Watumwa na waliokwisha kukombolewa, wengi wao Wayoruba na pia Wahausa, Waislamu waliofundishana kusoma na kuandika Kiarabu kwa siri, waliinuka usiku dhidi ya mabwana zao katika mji wa Salvador. Walishindwa, wakauawa na kuchapwa na kufukuzwa nchini. Wengine walikutwa na karatasi zenye maandishi ya Kiarabu wamezivaa shingoni. Ilikuwa miaka tisa kabla ya neno la Marx kuchapishwa. Hakuna dawa ya usingizi iwaamshayo watu usiku wa manane.

Lakini, ndugu msomaji, mizani ina pande mbili, na upande wa pili ni wetu. Je, hapakuwa na mabwana pwani hii waliotumia jina la dini kumwambia mtumwa kwamba utiifu wake kwao ndiyo njia yake ya peponi? Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba ila 1897, na pwani ya Kenya ila 1907. Dini iliyoweka kumwacha mtumwa huru kuwa ni ibada na kafara ya dhambi, vipi wafuasi wake walingojea mpaka walazimishwe na wageni? Mtu akituuliza swali hili tusimwambie kuwa ni kafiri. Tumwambie kuwa swali lake ni la haki, na kwamba lawama yatuangukia sisi, si dini tuliyoikhalifu.

Marx mwenyewe alipata kuwaona Waislamu. Mwaka 1882, mgonjwa wa kifua na mjane, daktari wake alimpeleka Algiers atafute jua. Alikaa huko kiasi cha miezi miwili, akanyoa ndevu zake mashuhuri, na katika barua kwa binti yake akasifu jinsi Waislamu aliowaona wanavyokaa pamoja bila ya tajiri kujiona mkubwa kwa maskini. Mwaka uliofuata akafa London. Lakini miaka 30 kabla, katika makala ya 1853 kwa gazeti la New York, alikuwa ameandika kwamba utawala wa Waingereza huko Bara Hindi, pamoja na unyama wake, ulikuwa chombo cha historia cha kuziamsha nchi zilizolala. Hapa yuaonekana mwanafunzi wa Hegel: anayepigwa ajua kuwa apigwa, na failasufi amwambia kuwa historia yamsogeza mbele.

Aliyelisahihisha kosa hilo alitoka miongoni mwa waliopigwa, na nchi aliyoifanyia kazi ni ile ile Aljeria. Frantz Fanon alizaliwa kisiwa cha Martinique mwaka 1925, katika kizazi cha watumwa. Paris, kati ya 1933 na 1939, mwalimu mmoja Mrusi, Alexandre Kojève, alikuwa amemfundisha Hegel kwa kuiweka hadithi ya bwana na mtumwa katikati ya kila kitu, na mafunzo yake yalipochapishwa 1947 yakasomwa sana na vijana wa Kifaransa. Fanon naye akaichukua hadithi hiyo katika kitabu chake cha 1952, akaipima kwa maisha yake. Akasema: katika makoloni mambo si kama alivyoyaandika Hegel. Bwana mzungu hataki heshima ya mtumwa mweusi, ataka kazi yake tu. Na mtumwa aliyepewa uhuru na bwana bila ya kuupigania hukaa akimtazama bwana, akitamani kuwa kama yeye, badala ya kuitazama kazi yake.

Mwaka 1953 Fanon alikwenda kuwa daktari wa maradhi ya akili katika hospitali ya Blida. Vita vya ukombozi vya Waaljeria vikaanza 1954. Akawatibu walioteswa, akawatibu na askari waliotesa. Mwaka 1956 akajiuzulu akaingia upande wa wapigania uhuru. Katika kitabu chake cha mwisho, 1961, alisema kuwa maneno ya Marx hayana budi kunyooshwa kidogo yapate kuenea makoloni. Akaonya pia kuwa wako wenyeji wanaongoja kukalia kiti cha mkoloni kikiwa bado kina moto. Alifariki Disemba 1961 bila ya kuuona uhuru wa Julai 1962, akazikwa katika ardhi ya Aljeria. Huyu ndiye mfano ninaotaka kijana wetu auone. Aliichukua mizani ya Wajerumani, akawapima nayo Wajerumani wenyewe, kisha akawapima nayo watu wake. Hakuisujudia wala hakuitupa.

Wengine waliisujudia, na matunda yake twayajua. Lenin alikaa Bern mwaka 1914 akimsoma Hegel, na mwaka 1917 akatwaa serikali Urusi. Rosa Luxemburg, mwanafunzi mwaminifu wa Marx, aliandika gerezani mwaka 1918 akionya kuwa uhuru wa wenye kukubaliana na chama peke yao si uhuru. Mwezi wa Januari 1919 wanajeshi wakamuua Berlin, na onyo lake halikusikilizwa. Misikiti ya Asia ya Kati ikafungwa kwa maelfu. Mwaka 1944 Wachecheni, Waingushi na Watatari wa Krimea, Waislamu hao, wakang'olewa makwao, watu wazima na watoto, wakapakiwa katika mabehewa na kutupwa mbali, na wengi wakafa. Albania mwaka 1967 ikapiga marufuku dini zote. Yalifanywa hayo kwa jina la mnyonge. Tumia hadithi ya Hegel uone: chama kilichodai kumkomboa mtumwa kikawa bwana, kikataka kusifiwa na watu ambao hakiwahesabu kuwa na akili. Na kama Hegel alivyosema, sifa ya namna hiyo haina thamani. Novemba 1989 ukuta wa Berlin ulipoanguka, wafanyakazi hawakutoka kuutetea.

Mawimbi ya bahari hiyo yalifika hata kwetu. Abdulrahman Babu, Mzanzibari, aliyeunda chama cha Umma mwaka 1963, alikuwa mfuasi wa Marx. Mwalimu Nyerere katika kijitabu chake cha 1962 alisema kuwa ujamaa wa Kiafrika asili yake ni jamaa, wala hauhitaji vita vya matabaka. Babu akampinga katika kitabu chake cha 1981. Vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliyajadili hayo katika jarida lao, Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku 1970. Na Unguja, baada ya mapinduzi ya 1964 na damu iliyomwagika, Wajerumani wa Mashariki walisaidia kujenga majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani. Serikali iliyowatuma ilifutika 1990. Watu wangali wanaishi katika nyumba zile. Fikra ya mtu huenda, mwenyewe akafa, na mwengine akabaki kuishi ndani yake bila ya kujua aliyeijenga. Ndiyo maana yapasa tuyajue haya.

Basi nirudi kwa mzee wangu na kijana wake. Kijana nilimwambia: Soma, lakini usiwe mtu wa taklidi. Ulimkimbia anayefuata wahenga bila ya hoja. Usimfuate Mjerumani bila ya hoja. Baba nilimwambia: Mrudishie mwanao kitabu chake, kisha mkae msome pamoja, kwani atakayemnyang'anya mwanawe swali hatapata nafasi ya kumpa jawabu.

Wewe, msomaji, nakuachia kipimo kilicho karibu zaidi kuliko Jena na Algiers. Yuko msichana katika nyumba nyingi zetu, ametoka shamba au bara. Huamka kabla ya adhana, huwasha moto, hufua, hulea mtoto asiye wake, na hulala wa mwisho. Je, mwamwita kwa jina lake? Ala pamoja nanyi, au ala makombo jikoni? Mshahara wake wamfikia mkononi kabla ya jasho lake kukauka, au waambiwa "mwezi ujao"? Siku ya Ijumaa mwasema kuwa watu wote ni sawa, naye asikia kutoka jikoni.

Hegel hakumwona mtumwa aliyekuwa mbele yake. Marx aliuita mjeledi wa Waingereza chombo cha historia. Chama kikamfunga yule kilichosema kitamfungua. Sisi tumewalaumu wote, na tumewalaumu kwa haki. Sasa mizani iko mikononi mwetu, na yule msichana yuko jikoni.